Maada, Umbo na Mahali: Rufiji na Kibiti katika Uhakiki wa Uchongaji na Uchoraji wa Kisasa wa Tanzania

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa sanaa kwa lugha ya Kiswahili umejengwa juu ya jozi ya fani na maudhui. Jozi hiyo ilikomaa katika uhakiki wa fasihi, kisha ikahamishiwa kwenye sanaa za ufundi bila kufanyiwa marekebisho makubwa. Kwa hiyo, mhakiki wa kinyago huuliza kinyago kinasema nini na kinakisema kwa mtindo gani. Swali la tatu, yaani kinyago hicho kimetokana na mti gani na mti huo ulikatwa wapi, halina mahali pa kukaa ndani ya jozi hiyo. Katika uhakiki wa shairi pengo hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa lugha haikatwi msituni wala haipakiwi kwenye lori. Katika uhakiki wa uchongaji, pengo hilo huondoa sehemu ya kazi yenyewe.

Makala haya yanajadili pengo hilo kwa kutumia eneo moja, yaani delta ya mto Rufiji na nchi kavu ya Kibiti inayopakana nayo. Eneo hili halitajwi mara nyingi katika mijadala ya sanaa za ufundi nchini Tanzania. Kilimanjaro inatajwa kupitia Sam Ntiro, Tunduru kupitia Edward Saidi Tingatinga, na nyanda za Wamakonde pande zote mbili za mto Ruvuma kupitia vizazi vya wachongaji waliohamia Dar es Salaam. Rufiji haina jina la namna hiyo katika orodha inayofundishwa. Hata hivyo, hoja kuu ya makala haya ni kwamba Rufiji imo ndani ya sanaa hiyo kwa muda wote, isipokuwa imeingia kama maada na si kama taswira. Uhakiki uliozoea kutafuta taswira umeshindwa kuiona.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Mgawanyo wa maada na umbo ni wa kale. Aristotle aliviona vitu vilivyoumbwa kuwa ni muungano wa viwili hivyo, na fikra iliyofuata ikakipa umbo heshima kubwa zaidi, maada ikachukuliwa kuwa kitu tulivu kinachongoja kupewa sura. Tim Ingold, katika kitabu chake kiitwacho Making kilichotoka mwaka 2013, anaupinga mtazamo huo. Kwake, mtengenezaji halazimishi umbo lililokwisha kukamilika akilini mwake juu ya kitu kisicho na sauti. Anafuatana na maada, anaitikia nyuzi zake, ugumu wake na mapenyo yake, na umbo linazaliwa katika mwendo huo.

Mkabala wa Ingold unafaa kwa uchongaji wa Tanzania, lakini una mpaka wake. Ingold anaufuata mkono wa fundi pale anapokutana na maada. Hafuati kwa kiwango hicho hicho safari ya maada kabla ya kufika mkononi. Gogo la mpingo linapofika kwa mchongaji wa Mwenge, limekwisha kupita kwa mkataji, kwa mwenye lori, kwenye kizuizi cha mazao ya misitu na kwenye hati ya kusafirishia. Kila hatua imeamua jambo fulani kuhusu urefu wa gogo, unene wake na bei yake, na kwa hiyo kuhusu umbo linaloweza kutokana nalo. Makala haya yanachukua mkabala wa Ingold na kuurefusha kurudi nyuma, kutoka kwenye karakana hadi msituni.

3.0 Rufiji Mbili: Mikoko na Mpingo

Kabla ya kuendelea ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo jina moja la Rufiji huyafunika. La kwanza ni delta yenyewe: matope, vijito, maji yanayojaa na kupwa, na mikoko. Msitu huu, unaokadiriwa kuwa na takribani hekta 53,000, ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Sehemu yake kubwa imo katika wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka wilaya ya Rufiji. La pili ni nchi kavu iliyo nyuma ya delta, yenye misitu ya miombo na vichaka vya pwani, ambako huota mpingo. Mpingo haustahimili matope ya chumvi, na mkoko haupandi kilimani. Miti hii miwili imeingia katika sanaa kwa njia mbili tofauti.

Mikoko imeingia kwa njia ya kufichwa. Kwa karne nyingi boriti za mikoko kutoka delta za pwani hii, Rufiji ikiwa mojawapo ya muhimu zaidi, zilisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar, Oman na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Boriti ilibeba dari. Kwa kuwa haikuweza kuvuka nafasi pana bila kupinda, chumba cha nyumba ya mawe katika miji ya Waswahili kilikuwa chembamba na kirefu. Wanahistoria wa usanifu wameyaeleza haya mara nyingi kama suala la ujenzi. Kwa mhakiki wa sanaa lina maana nyingine: nafasi ambamo mlango wa nakshi na vidaka vya ukutani vilipangwa na kutazamwa ilipimwa kwa urefu wa mti wa delta. Mlango umeandikiwa vitabu vingi. Boriti iliyo juu ya kichwa cha mtazamaji imepakwa chokaa na kusahauliwa.

Mkoko ulitoa rangi pia. Gome lake lina dawa ya kukaushia ngozi, na lilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje wakati wa utawala wa Wajerumani. Gome hilo hilo hutoa wekundu wa udongo uliotumiwa kutia rangi nyavu na nyuzi. Kwa maana hiyo delta ilikuwa chanzo cha rangi kabla ya kopo la rangi ya dukani kufika, ingawa rangi hiyo haikukusudiwa picha ya kutundikwa ukutani.

Mpingo, kinyume chake, umeingia kwa njia ya kuonyeshwa. Weusi wake unaong'aa ndio uliokuwa alama ya sanaa ya Tanzania katika maduka ya wageni na katika zawadi za kiserikali. Lakini kuonyeshwa huku kuna ufichaji wake, nao unahitaji kuchunguzwa kwa undani zaidi.

4.0 Mpingo na Kile Kinachoitwa Umakonde

Kinyago cha mpingo huitwa kinyago cha Kimakonde, na jina hilo ni sahihi kwa upande wa wachongaji. Kwa upande wa maada linapotosha. Barakoa za mapiko, ambazo ni sehemu ya jando na unyago wa Wamakonde, zilichongwa kwa miti laini na myepesi, kwa sababu mchezaji huivaa barakoa kichwani na kucheza nayo kwa muda mrefu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Mti huo ulitawala uchongaji pale wachongaji walipoanza kuwachongea wanunuzi wa nje, na hasa baada ya wengi wao kutoka Msumbiji na kufanya kazi Dar es Salaam katikati ya karne ya 20. Uchunguzi wa Zachary Kingdon, uliochapishwa mwaka 2002, umeonyesha jinsi sanaa hiyo ilivyokua ndani ya uhusiano wa wachongaji, wafanyabiashara na wateja wa mjini. Linalopaswa kuongezwa ni kwamba uhusiano huo ulikuwa na mhusika wa nne, nao ni misitu ya Pwani, Lindi na Morogoro, Rufiji ikiwamo, iliyolisha karakana hizo.

Sifa za mti huo zinaonekana katika mitindo miwili mikuu. Mtindo wa kwanza ni dimoongo, unaohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani na ambao baadaye uliitwa ujamaa. Watu wengi hupandana kuzunguka nguzo moja, kila mmoja akimbeba au kumshika mwenzake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, umbo hili lilisomwa kama taswira ya umoja wa kijamaa, na usomaji huo ndio unaotawala hadi leo. Mtindo wa pili ni shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye miili iliyopinda, matundu, viungo vilivyorefushwa na jicho moja pale yalipotarajiwa mawili. Huu umesomwa kama taswira ya imani katika pepo.

Usomaji wote wawili ni wa maudhui, na wote una ukweli. Lakini magogo yenyewe yakitazamwa, jambo jingine linajitokeza. Mpingo ni mti mfupi, mara nyingi wenye mashina kadhaa, na shina lililonyooka ni chache. Moyo wake mweusi umezungukwa na ganda jembamba la rangi ya manjano iliyopauka, na miti iliyokomaa mara nyingi huwa na nyufa au uozo katikati. Gogo lililonyooka linampa mchongaji nguzo nyembamba. Nguzo hiyo hairuhusu watu kusimama bega kwa bega, inawaruhusu kupandana. Gogo lililopinda, lenye tundu na kifundo, halitoi nguzo. Linatoa kiungo kilichopinda na mwili uliotoboka. Dimoongo na shetani, kwa mtazamo huu, ni majibu mawili kwa aina mbili za gogo zinazotoka katika msitu mmoja. Hata simulizi inayorudiwa kuhusu mwanzo wa shetani, kwamba mkono wa kinyago ulivunjika na mchongaji akalazimika kukifikiria upya, iwe ni historia au ni ngano ya karakana, ni simulizi kuhusu maada iliyokataa umbo la kwanza.

Hoja hii haisemi kwamba gogo ndilo lililobuni ujamaa. Magogo kama hayo yangeweza kuchongwa kwa namna nyingine, na wachongaji wa Kikamba nchini Kenya walitumia miti yao kwa kuchonga wanyama na sanamu ndogo za kurudiwa. Kinachosemwa ni kwamba uteuzi wa msanii ulifanyika ndani ya mipaka iliyowekwa na mti, na kwamba mhakiki asiyeitaja mipaka hiyo anampunguzia msanii sifa yake. Kuona watu kumi ndani ya nguzo nyembamba ni akili kubwa kuliko kupata wazo la umoja, kwa kuwa wazo la umoja lilikuwa limekwisha kutangazwa na kila redio.

5.0 Uchoraji na Maada Isiyo na Mahali

Uchoraji wa kisasa ulichukua njia tofauti. Ntiro, aliyesoma Makerere chini ya Margaret Trowell na baadaye Slade mjini London, alitumia rangi za mafuta, ambazo ni maada kutoka ng'ambo, kuchora mahali pake mwenyewe. Katika kazi zake mashuhuri, ikiwamo ile ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bi harusi usiku, iliyonunuliwa na Museum of Modern Art ya New York, migomba na njia za Uchagani zinatambulika. Kwake mahali ni taswira, na maada haina mahali. Kinyago cha mpingo ni kinyume chake kabisa: maada ina mahali, na taswira haina.

Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia ubao wa dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Mnyama hujaza uso wa ubao, nyuma yake pakiwa na rangi moja au mbili, bila kina wala upeo wa macho. Ubao huo ulitoka kiwandani ukiwa na vipimo vyake. Hauna kifundo wala ufa wa kumjibu mchoraji, na ndiyo maana picha moja inaweza kurudiwa na mkono mwingine kwa kufanana sana. Urudiaji uliolaumiwa na wahakiki wengi kuwa ni ubiashara tu una chanzo kingine katika maada: ubao uliosawazishwa hauweki pingamizi dhidi ya kurudiwa, ilhali hakuna magogo mawili ya mpingo yanayolingana.

George Lilanga anasimama kati ya njia hizi mbili. Alizaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, na alianza kama mchongaji. Katika miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1972. Huko viumbe wake wa kishetani, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, walihama kutoka kwenye mti hadi kwenye ngozi, batiki, bati na hatimaye ubao wenye rangi za kung'aa. Uhamaji huo kwa kawaida huelezwa kama ukuaji wa msanii na upanuzi wa soko lake. Lakini sanamu zake za miaka ya baadaye, zilizochongwa kisha kufunikwa kwa rangi zile zile za picha, zinafunua jambo la msingi zaidi. Chini ya rangi mti hauonekani. Si lazima uwe mpingo, na mtazamaji hana njia ya kujua ni mti gani. Shetani aliyezaliwa katika ugomvi kati ya mkono na gogo lililopinda anageuka kuwa umbo huru, linaloweza kukaa popote.

Hapa ndipo jozi ya fani na maudhui inaposhindwa waziwazi. Kwa jozi hiyo, shetani wa mpingo na shetani wa rangi wana maudhui yanayokaribiana, na fani yao inatofautiana kwa rangi tu. Kwa mtazamo wa maada, kuna mkato mkubwa kati yao. Wa kwanza amefungwa kwenye msitu. Upungufu wa msitu ni upungufu wake. Wa pili amejitoa. Huenda hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika uchongaji wa Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20, na limepita bila kupewa jina kwa sababu istilahi zilizokuwapo hazikuweza kulibeba.

6.0 Vigezo Kutoka Delta

Ikiwa istilahi zilizopo hazitoshi, ni busara kuuliza kama eneo linalotoa maada lina vigezo vyake. Mifano miwili itatosha.

Mfano wa kwanza ni mtumbwi. Katika vijiji vya delta, kama Salale na Mbwera, chombo cha majini ndicho barabara. Mtumbwi wa gogo moja huchongwa kwa shoka na tezo, kwa kuondoa tu, kilichoondolewa hakirudishwi. Huu ni uchongaji kwa maana kamili ya neno, na mantiki yake ni ile ile ya kinyago. Tofauti ni kwamba hukumu yake hutolewa na maji. Mtumbwi ulioachwa mnene upande mmoja huinama, na hakuna maelezo ya fundi yatakayounyoosha. Wenyeji wanaposema fundi fulani ana mkono, wanazungumzia uwezo wa kuusoma mti kabla ya kuukata: kujua upande uliokuwa na jua, mahali penye kifundo, na unene utakaobaki baada ya mti kukauka.

Mfano wa pili ni mkeka. Wanawake wa Kindengereko na Kirufiji husuka ukili mrefu kwa ukindu na milala, hutia baadhi ya majani rangi, kisha hushona kili hizo ubavu kwa ubavu hadi zipate upana wa mkeka. Msukaji lazima aamue mpangilio wa rangi akiwa na ukanda mwembamba tu mkononi, kabla uso mzima haujaonekana. Mkeka hauna kina cha kubuni, na kosa la hesabu katika ukili wa kwanza hujitokeza katika uso wote. Tatizo la kuujaza uso tambarare kwa urudiaji usiochosha, ambalo limejadiliwa kuhusu picha za Tingatinga kama kwamba lilianza Msasani, lina historia ndefu zaidi katika kazi hii. Haidaiwi hapa kwamba Tingatinga aliathiriwa na mikeka ya Rufiji. Kinachodaiwa ni kwamba lugha ya kulizungumzia tatizo hilo tayari ipo, na iko kwa wanawake ambao hakuna orodha ya wasanii inayowataja.

Lengo si kuupeleka mtumbwi kwenye ukumbi wa maonyesho wala kumwita kila fundi msanii. Kufanya hivyo kungekuwa kuchukua tena kutoka Rufiji bila kulipa. Lengo ni kuazima swali. Fundi wa mtumbwi na msukaji wa mkeka huanza na maada: mti gani, jani gani, limekatwa wapi na limekauka kiasi gani. Uhakiki wa kinyago unaweza kuanzia hapo hapo.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba maswali haya ni ya maofisa misitu, si ya wahakiki. Jibu ni kwamba mpingo huchukua takribani miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Muda huo ni mrefu kuliko umri wa mtindo wa shetani au wa ujamaa. Mitindo yote miwili, kwa hiyo, ilichongwa kutokana na miti iliyoota kabla haijabuniwa. Ukweli huo unahusu historia ya sanaa moja kwa moja, kwa maana unaeleza kwa nini vinyago vikubwa vya miaka ya 1960 na 1970 haviwezi kurudiwa leo kwa kukusudia tu, hata kama mikono yenye ujuzi ingalipo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema kwamba kusisitiza mahali pa maada kunaweza kumnyima mchongaji umiliki wa kazi yake na kuuhamishia kwa kijiji kilichotoa gogo. Hatari hiyo ipo. Lakini hali ya sasa ina dhuluma yake, kwani mchongaji hutajwa kwa kabila lake mara nyingi kuliko kwa jina lake, na msitu hautajwi kabisa. Kutaja jina la msanii na asili ya mti kwa pamoja hakumpunguzii msanii kitu. Kunamwondoa kwenye kabila lisilo na tarehe na kumrudisha kwenye historia, mahali ambapo alinunua gogo fulani, kutoka barabara fulani, na kuliamulia umbo.

8.0 Hitimisho

Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mzigo uliotoka kusini kwa barabara ya Kilwa ulilazimika kungoja kivuko cha Ndundu kabla ya kufika Ikwiriri, Kibiti na hatimaye Dar es Salaam. Baada ya daraja, mzigo huo ulipita kwa urahisi zaidi. Tukio hilo limeandikwa katika historia ya uchukuzi. Makala haya yameonyesha kwamba lina nafasi pia katika historia ya uchongaji, sawa na boriti za mikoko zilivyo na nafasi katika historia ya chumba cha Kiswahili.

Pendekezo linalotokana na mjadala huu ni kwamba uhakiki wa sanaa za ufundi kwa Kiswahili uongeze dhana ya tatu, maada, kando ya fani na maudhui, na dhana hiyo ijumuishe sifa za kitu, asili yake na njia iliyokifikisha kwa msanii. Kwa vitendo, makumbusho na waandaaji wa maonyesho wanaweza kuanza na hatua ndogo: kuandika kwenye kibandiko cha kila sanamu mpya si neno mpingo au mti pekee, bali pia wilaya ulikokatwa, jambo ambalo hati ya kusafirishia huwa tayari inalionyesha. Kwa vinyago vya zamani taarifa hiyo imepotea pamoja na karatasi zake. Kwa vinavyochongwa sasa bado inaweza kuhifadhiwa, na mtafiti atakayeandika juu yake baada ya miaka 50 hatalazimika kuitafuta Rufiji katika picha ambamo haikuchorwa.